Sauti Nyuma ya Rundo la Kuni

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumanne ya mwisho wa masika, na nakuandikia haraka kabla sijaanza kuikumbuka vizuri kuliko ilivyokuwa. Niko kidato cha tatu. Wewe hujazaliwa, na baba yako simjui, na naomba nisimjue mpaka nimalize shule. Najua nasaha ni kazi ya wazee. Lakini Mwalimu Federika, ambaye utamsikia humu, aliniambia kwamba wazee wakisimulia makosa ya ujana wao huyapaka mafuta kwanza, yakang'aa, ukadhani ni ushujaa. Basi mimi kosa langu nakupa likiwa na vumbi lake.

Mama yangu, ambaye atakuwa bibi yako, ni mpishi katika chuo kimoja cha ualimu hapa Mpanda. Tunakaa nyumba ndogo karibu na jiko la chuo. Nyuma ya jiko kuna rundo la kuni, na mbele ya rundo, hatua kama kumi, kuna uwanja wa mpira wa wavu ambao mistari yake inachorwa kwa majivu ya mama. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo, ila likifika kooni linageuza. Kwa hiyo jioni nilikuwa nakaa nyuma ya kuni na daftari langu, naandika habari za timu ya wasichana wa chuo: nani kaja mazoezini, nani kachelewa, nani kachekesha wenzake na kwa neno gani. Niliwapenda sana. Labda kwa sababu walikuwa na miguu mirefu na sauti kubwa, na mimi sikupewa hata kimoja.

Nilianza kuwafuata msimu ulipofungwa, wakati watu wengine wote wameshawaacha. Timu ikiwa na mechi kila mtu ni ndugu yake. Mimi niliwajua wavu ukiwa umekunjwa kwenye kiroba na kutundikwa stoo panya wasiutafune, uwanja umekuwa tope, hakuna wa kupiga kofi hata moja. Ukitaka kumjua mtu, mwanangu, mtazame anapofanya kazi isiyo na watazamaji. Wale dada walikuwa wanakimbia barabara ya Sitalike alfajiri mvua ikiwapiga. Asubuhi moja nikiwa naenda shule nikasikia bodaboda mmoja anawatania, "Nyie dada zangu, basi limewaacha?" Tausi, nahodha wao, binti wa wauza samaki, migebuka ya Ikola, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, akamjibu bila kupunguza mwendo, "Tumelipita. Liko nyuma yako, sogea."

Msimu wao ulikuwa umeishia vibaya, na uliishia kwa mpira mmoja. Ulianguka katikati ya Tausi na Nyanjige, wote wawili wamesimama wanautazama. Nyanjige ndiye mrefu wao, anainama akiingia jikoni kwetu. Kwao ni Majimoto, ni watu wa ng'ombe waliohama kutoka Usukumani. Mpira ulikuwa wake. Tausi alingoja mwenzake auite, Nyanjige alingoja apewe, na mpira haungoji mtu.

Siku ile Mwalimu Federika, mkufunzi wao, mama wa Kifipa mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sijaona kosa la mikono. Nimeona kosa la mdomo." Kisha akafungia mipira kabatini kwa wiki nyingi.

Kumbe huko ndiko kujifunza kwenyewe. Alikuja kuazima ngata ya mama, ile ya kubebea ndoo, akawa anawarushia badala ya mpira, na sheria ikawa moja: usiguse kitu ambacho hujakiita, na ukiite kabla hakijafika. "Wangu." Mwenye kusikia anapisha. Wakapewa kazi hiyo hiyo hata bwaloni. Sahani ikiletwa mtu anasema "Yangu," kijiko "Changu," na wanachuo wengine wanawaona wamechanganyikiwa. Tausi akasema, "Siku hizi hata chumvi naiita, isije ikaanguka."

Wote waliweza, isipokuwa Nyanjige. Kinywa chake kilifunguka, sauti haikutoka. Siku ya zamu yake ya jikoni tulikuwa tunasugua sufuria pamoja, akaniambia mwenyewe, maana watu wa kimya huambiana.

"Kwetu tulikuwa watoto kumi na wanne, dogo. Sinia moja. Ukisema 'yangu' kwenye nyama, unapigwa mkono. Baba anasema hapa hakuna changu, kuna chetu."

"Si useme kidogo kidogo?"

"Nikisema nauona mkono wa baba."

Na huyo baba ndiye aliyekuwa anakuja. Likizo ilikuwa imefika, na Majimoto mpunga ulikuwa umeiva. Baba yake alimruhusu abaki chuoni na timu kwa sharti moja: siku ya mechi ya kirafiki na timu ya wauguzi, yeye baba aje aone kwa macho yake kitu kinachomzuia binti asivune. Mwalimu naye alikuwa na sharti lake. "Nyanjige, urefu nilikukuta nao," alimwambia mbele ya wenzake. "Mdomo ndio nautafuta. Mpaka mechi hiyo usipoita, utakaa benchi." Sasa fikiria, mwanangu. Mzee anatoka Majimoto na fimbo yake, anamkuta binti aliyeacha mpunga amekaa benchi anashika chupa za maji. Hapo hakuna likizo nyingine. Nyanjige alijua, na mimi nilijua, na nikaanza kukosa usingizi kama vile mpunga ni wetu.

Mipira ilipotolewa kabatini na mazoezi kurudi uwanjani, Nyanjige aliwekwa kona ya nyuma, karibu kabisa na kuni zangu. Siku ya kwanza mpira ukaja juu, unamwendea. Nikaona bega lake linasita. Na mimi, ambaye sijawahi kumsalimia mtu mpaka anisalimie, nikasikia sauti inatoka kifuani mwangu.

"Wangu."

Nyanjige akaupokea vizuri. Mwalimu, aliyekuwa upande wa pili wa wavu, akauliza, "Nani kaita?"

Tausi akasema, "Nyanjige, Mwalimu." Na Mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha, nikajiona nimejenga nyumba.

Nakiri, mwanangu, nilifanya hivyo siku tisa. Nilikuwa na sauti, kumbe, ilimradi nisionekane. Siku ya pili Nyanjige alipita jikoni akasema chini chini, "Dogo, una sauti nzuri," akaondoka. Hakuniambia niache. Nikadhani huo ndio upendo. Kweli ulikuwa upendo, ila sio kila kitu kinachotoka kwenye upendo ni chakula. Vingine ni moshi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakutuambia kwamba huyo ndugu naye ana kesi ya kujibu.

Ile Jumanne mpira ulipigwa mkali kutoka upande wa pili. Wakati huo huo mama akaniita, "Njoo uchambue maharage, unafanya nini huko?" Nikageuka. Nilichelewa kwa pumzi moja tu. Nyanjige aliuona mpira unakuja, niliporudisha uso nilishuhudia macho yake yakiufuata, lakini miguu haikutoka. Ilikuwa inanisubiri mimi. Mpira ukampiga usoni, akakaa chini kwenye tope, damu ya pua ikashuka mpaka kwenye jezi.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofika, nimechelewa, nikaita "Wangu" kwenye uwanja uliokwisha nyamaza.

Mwalimu Federika alizunguka rundo la kuni polepole. Akanikuta nimejiziba kinywa kwa daftari.

"Wewe ndiye Nyanjige?"

Nikalishusha daftari.

"Mimi nahangaika kutafuta mdomo wa mtu, kumbe umehamia kwenye kuni." Tausi akaanza kucheka, Mwalimu akamtazama, akaacha. Kisha akaniuliza, taratibu, kama anamuuliza mtu mzima, "Na sauti hiyo niliyokuwa naisikia siku zote hizi, ni ya nani?"

Kuni zingekuwa na mlango ningeingia. Wasichana kumi na mmoja walikuwa wananitazama, na mama amesimama mlangoni na ungo wa maharage. Nikajibu.

"Yangu."

"Haya," akasema. "Umebeba ya mwenzako mpaka miguu yake imesahau kazi. Na ya kwako umeificha nyuma ya kuni. Mmepungukiwa wote wawili."

Kisha akaenda akachuchumaa karibu na Nyanjige, akambana pua kwa kitambaa, na maneno aliyosema pale niliyaandika jioni ile ile nisije nikayapoteza. "Baba yako yuko sahihi, mwanangu. Kwenye sinia 'yangu' ni ya kula, na wa kula wapo wengi. Ila uwanjani anayesema 'wangu' hachukui nyama. Anachukua kazi, na mpira ukianguka anachukua lawama. Umeona wapi mtoto akapigwa mkono kwa kugombania kazi?" Nyanjige alikuwa anatazama damu kwenye kitambaa.

Adhabu yangu ilikuwa kukaa benchi siku ya mechi, pembeni ya Mwalimu, mbele ya watu wote, bila kutoa neno. Nilidhani ni kunidhalilisha. Sasa naona aliniondoa mafichoni, basi.

Mzee wa Majimoto akaja na basi la asubuhi, kofia pana, fimbo, makubazi ya tairi. Mama akampa kiti na chai. Mwalimu akalegeza sharti lake, akamwambia Nyanjige, "Nakupa seti moja. Baada ya hapo naangalia." Na wauguzi hawakuja kucheza, walikuja kushinda, mmoja wao alikuwa anapiga mpira kama anakung'uta godoro.

Seti ilianza vibaya. Mpira wa kwanza Nyanjige kimya, ukaanguka. Wa pili kimya. Mzee akamuuliza mama, "Huyo mrefu kazi yake ni kusimama?" Mama akamwongezea chai. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi kweli, sio kwa mfano, na "wangu" imejaa kinywani kama maji ya moto. Kumeza neno lako ni rahisi, mwanangu, watu wa aibu tunameza kila siku. Lakini jaribu kumeza neno ambalo unajua lingemwokoa unayempenda. Mwalimu hakunitazama. Aliniwekea mkono gotini tu, mzito, akauacha hapo.

Kisha ukaja mpira ule ule. Nasema ule ule kwa sababu ulipanda juu na kuanza kushuka katikati ya Tausi na Nyanjige, kama ulivyoshuka siku msimu ulipofungwa. Tausi, mwenye mdomo wa soko zima, akanyamaza, akashusha mikono. Alijua ni wa nani.

Na ikatoka. Sio sauti yangu iliyokuwa inamwigiza, nyembamba ya jikoni. Ilitoka ndefu, ya porini, ile ambayo mtu anamrudishia ng'ombe aliyeingia shamba la watu.

"Waaangu."

Wauguzi wenyewe walisimama. Mpira ukainuka safi mpaka kwa Tausi, Tausi akaupandisha, na Nyanjige huyo huyo akaja kuupiga chini, majivu ya mstari yakatoka moshi.

Mzee alikuwa amenyanyuka nusu ya kiti, fimbo mkononi, anatazama huku na huku kama mtu aliyesikia mifugo yake. Halafu akaelewa. Akakaa. Yeye aliyelea watoto kumi na wanne kwa neno "chetu" akamgeukia mama, akasema polepole, "Huyo wangu."

Timu ilifungwa seti mbili kwa moja, nisikudanganye. Lakini Nyanjige alicheza zote tatu na aliita mpaka sauti ikakauka. Mzee aliondoka kesho yake bila yeye. Alisema mpunga una wavunaji kumi na watatu, watatosha.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Mpende mtu, mwanangu, msugulie sufuria, mtandikie kitanda akiumwa, kaa upande wake akishindwa. Ila usimsemee neno lake. Ukimsemea, siku utakapogeuka kuchambua maharage atasimama anakungoja, na pua itakayotoka damu ni yake, sio yako. Na lako usilifiche. Heshima sio kunyamaza. Mtoto mwenye adabu ni yule anayesema "hii kazi ni yangu" kabla haijaanguka chini wakaanza kutafutana. Mimi bado ni mwoga. Juzi nimenyoosha mkono darasani, nimejibu, nimekosea, na sijafa.

Mungu akupe kifua cha kuita na miguu ya kufuata ulichoita. Akuweke mbali na vichaka vya kujificha, hata vile vinavyonukia wema. Akupe Mwalimu Federika wako, na akina Tausi wa kukupisha.

Na kama utajiuliza kwa nini nimekuita mwanangu wakati hata hujafika, rudi usome sheria ya ile ngata. Kitu huitwa kabla hakijafika. Nimeshakuita.