Medali ya Mwalimu wa Kifaransa

Mwalimu wangu wa Kifaransa ndiye aliyetujulisha mchekeshaji mmoja wa Ufaransa. Alikuwa na kaseti zake, na Ijumaa alituwekea darasani. Baadaye niliendelea kumfuatilia mwenyewe. Alianza redioni akiwapigia watu simu kwa sauti za kujigeuza, akaingia televisheni, akatoa nyimbo, mwisho akaigiza kwenye sinema. Mimi nilitaka njia hiyohiyo. Nilipopata kipindi cha asubuhi kwenye redio moja hapa Bujumbura, nikaanza na simu.

Siku moja nikamchagua mwalimu, ambaye tayari alikuwa amestaafu. Nilijua Kifaransa chake cha heshima kingechekesha watu. Nikajifanya ofisa wa kigeni, nikamwambia amechaguliwa kupewa medali kwa miaka yote aliyofundisha, afike kesho saa nne katika hoteli moja ya mjini. Akauliza kama mke wake anaruhusiwa kuja. Wenzangu studioni walikuwa wameziba midomo wasisikike wakicheka. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ni mchezo. Nikasikia analia. Nikakata simu, nikaweka wimbo.

Sikumpigia tena. Nilijidanganya kuwa majirani waliosikia kipindi watamwambia. Hawakuthubutu. Kesho yake alikwenda na mkewe, na mlinzi wa hoteli, aliyekipenda kipindi changu, ndiye aliyewaeleza huku akicheka.

Ilinichukua siku tatu kupanda hadi mtaa wa Gihosha, kwake. Alinipa kiti. Nikaomba msamaha kwa Kifaransa. Yeye akajibu kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kunisemesha kwayo.

“Mi sina neno na we,” alisema. “Lakini mama wa nyumba alipiga koti yangu pasi, akaita na dada yake aone. Enda umwambie mwenyewe.”

Mkewe alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage. Nilichuchumaa mbele yake, nikaeleza yote. Hakuniangalia.

“Ulimusikia analia?”

Nikasema ndiyo.

“Na ukakata.”

Akaendelea na maharage yake. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi, kisha nikaondoka bila kuagwa.

Simu zile niliziacha. Mkurugenzi alikasirika, akanipa kusoma matangazo ya misiba, na ndiyo kazi yangu hadi leo. Mwalimu tukikutana sokoni hunisalimu vizuri, huniuliza habari za watoto. Mkewe hugeukia mafungu ya nyanya, na mimi hushindwa kumaliza salamu.