Nundu ya Saa Saba na Nusu

Kwanza niseme kwamba sikutaka. Mimi si mtu wa kuandika. Mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye matope. Lakini binti yangu ameniwekea kalamu mezani siku tatu mfululizo, eti gazeti la ofisi ya mumewe linataka habari za maisha ya kila fundi, na mumewe akiulizwa habari zake hutaja mashine. Haya basi. Mama mkwe wa fundi ndiye mimi, ila humu nitamsema kama mtu mwingine, maana mtu akijisifu kwa kinywa chake wasikilizaji hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Fundi huyu mtaani walimwita Saa Saba Unusu. Mtoto wake wa mwisho alipozaliwa, alimpakata dakika mbili, akatazama saa, akamrudisha kwa mama yake kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Saa saba na nusu mchana hakuwa wa mtu yeyote.

Sababu ni setilaiti. Kila siku saa hiyo hupita juu ya mji ikipima gesi ya moshi wa magari, ile inayokwaruza vifua vya watoto. Inaitwa nitrojeni dioksaidi, jina refu kama foleni ya hospitali. Sasa, kupima hewa kutoka huko juu ni kama kujua chumvi ya mchuzi kwa kunusa ukiwa mlangoni. Unaweza kupatia, lakini lazima mtu achovye kijiko. Kijiko ni mashine ya fundi. Yeye husoma namba za chini, ofisini wanazipatanisha na za juu kwa hesabu zao, na zikikubaliana ndipo watu huiamini setilaiti.

Mashine iliwekwa kwenye stoo ya shule iliyopakana na ua wa mama mkwe. Bomba lake la kuvuta hewa lilitokeza ukutani, usawa wa kichwa cha mtu, na kofia ya bati juu. Fundi alipachagua mwenyewe, akaandika karatasi tatu za sababu za kitaalamu. Sababu ya nne, kwamba jiko la mama mkwe lilikuwa hatua kumi kutoka hapo, hakuiandika.

Miezi minane namba hazikukubaliana. Setilaiti ilisema mji una hewa ya kawaida. Mashine ikasema hapana, kwenye mtaa huu hali ni mbaya. Kwenye mchoro wa fundi siku nzima ilikuwa tambarare, kisha saa saba na nusu ikainuka nundu kama ya ngamia. Jumapili tu ndiyo haikuwa na nundu, na wa ofisini wakasema ni kwa kuwa magari hupumzika. Mwishowe bosi wake akampa mpaka mwisho wa mwezi. Nundu isipopatiwa maelezo, mashine ingeng'olewa ipelekwe mji mwingine, naye arudi chumba cha chini kutengeneza feni za ofisi. Fundi aliyekuwa akijibizana na mbingu, arudishwe kwenye feni.

Akaanza kukonda. Siku moja, huku anakula, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hivi unapikia nini?"

"Sufuria."

"Namaanisha moto, Mama. Huenda ni jiko lako. Takwimu zinaonyesha mtaa huu ndio mchafu kuliko yote mjini."

Mama mkwe aliweka mwiko chini. Mtaa huo ameufagia miaka arobaini, kuanzia mlangoni kwake mpaka nguzo ya umeme, na hajawahi kuombwa.

"Mchafu," akasema.

"Si mimi, Mama. Ni takwimu."

"Basi mkwe wangu, wiki hii sipiki. Takwimu zako zitakupikia."

Hakupika kweli. Siku sita za kazi fundi alikula mkate mkavu huku amekaa kwenye ndoo, na mama mkwe akala kwa dada yake. Nundu haikupungua hata unywele.

Siku ya saba fundi alifika kama kawaida, saa saba na dakika tano, na pikapu ya ofisi. Pikapu hiyo ni ya dizeli, na stata yake ilikufa zamani. Ukiizima lazima uwatafute wanaume wanne wa kusukuma, kwa hiyo fundi hakuizima kamwe. Aliiegesha ukutani, makalio yake yakitazama bomba, ikanguruma mpaka amalize kazi. Alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mkoromo wake mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amelalamika tangu mwezi wa kwanza kwamba inampaka masizi kwenye mashuka, na fundi akaitika "ndiyo, Mama" kama wakwe wote wanavyoitika.

Safari hii mama mkwe alimsubiri aingie stoo. Akafungua mlango wa gari, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

Fundi alitoka mbio. "Mama, umeizima! Haitawaka hiyo."

"Mimi nimezima jiko langu siku saba. Na wewe zima lako."

Fundi akageuka. Akatazama ekzosi ya gari. Akatazama bomba la ukutani. Akarudi ndani taratibu, na mama mkwe akamfuata bila kukaribishwa. Kwenye kioo cha mashine namba ilikuwa sitini na mbili. Ikawa arobaini. Saa saba na nusu kamili, setilaiti ikipita, ikasimama kumi na moja, palepale namba za Jumapili, siku ambayo pikapu haiji, zilipokuwa zikisimama.

"Huyo ngamia," akasema mama mkwe, "umekuwa ukija naye mwenyewe."

Fundi aliketi kwenye ndoo. Angeweza kuficha kosa, akasema upepo umegeuka. Lakini alichukua daftari, akaandika kwamba miezi minane alikuwa akipima moshi wa gari lake. Kisha akaja kwa miguu siku kumi, kisanduku cha vifaa begani, na siku zote kumi namba za juu na za chini zilikubaliana. Bosi aliposoma lile daftari alicheka mpaka akavua miwani, akasema mtu anayeandika kosa lake namna hii ndiye anayefaa kukaa na mashine. Mashine haijang'olewa. Fundi naye anakula vizuri, mkimtazama mwili mtaona.

Sasa nyinyi wa ofisini mnaosoma hapa. Nasikia kwenye vitabu vyenu mtaa wangu bado umeandikwa mchafu. Mfute namba zote za saa saba na nusu za miezi ile minane, kisha mniletee karatasi niione. Kusoma nasoma polepole, lakini namba nazijua.