Nilichoandika Kwenye Fomu ya Dada

Kazini nilisema uongo mara moja tu, kwa kalamu ya bluu na mwandiko mzuri. Nje ya kazi sihesabu. Miaka ile ya vita, watu wa Bujumbura tulikuwa mafundi wa kudanganya karatasi. Ukifika kizuizini unaulizwa unakaa wapi, umezaliwa kilima gani, maana kwetu kijiji ni kilima, baba yako ni nani, na jibu unalichagua kwa kumwangalia anayeuliza. Mimi nilikuwa na kadi mbili: moja ya Bwiza, nilikokaa kweli, na nyingine ya mtaa ambako sijawahi kulala hata siku moja. Sikuona aibu. Waliosema ukweli mahali pabaya tuliwazika, na wengine hata kuwazika hatukupata nafasi.

Nilikuwa fundi wa maabara, katika hospitali ndogo upande wa Kinanira, kusini mwa mji. Vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa vililetwa kwangu ndani ya chupa za formalini, dawa kali inayozuia kuoza. Kesho yake navitoa, navipitisha kwenye pombe kali, navifunga ndani ya nta, kisha nakata utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu ili daktari auangalie kwa darubini. Macho yaliniwasha kila siku. Niliipenda kazi hiyo, na nilikuwa mkali kwa yeyote aliyenigusia chupa zangu.

Daktari wetu, mzee wa maneno machache, ndiye aliyenifundisha kwamba sura ya saratani haitoshi. Wanawake wawili wanaweza kuwa na saratani za ziwa zinazofanana kabisa chini ya darubini, kumbe ndani ya seli za mmoja kuna protini zinazopokea homoni za mwili, na za mwenzake hazina. Yenye vipokezi hivyo inanenepa kwa homoni, na kuna kidonge cha kuinyima hicho chakula. Mgonjwa anakimeza kila siku, miaka na miaka, na wengi wanapona au wanaishi muda mrefu. Isiyo navyo, kidonge hicho hakiiwezi. Kipimo cha kuzitofautisha hatukuwa nacho, kwa hiyo nta ilipelekwa Ulaya na yeyote aliyekuwa anasafiri.

Nakiri habari hiyo niliifurahia kuliko ilivyostahili. Kule nje watu walikuwa wanapangwa makabila kwa pua na kimo, na waliowapanga walikosea wakiwa na panga mkononi. Nikajiambia, angalau humu ndani hatudanganywi na sura.

Dada yangu mkubwa alikuwa analima maharage na mihogo huko Carama, pembezoni mwa mji, mpaka risasi zilipomzidi akahamia kwangu na godoro moja na jembe. Nilimuuliza jembe la nini Bwiza, au anataka kulima baa za watu. Alicheka, akalisimamisha nyuma ya mlango. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mimi shule nilisoma kwa maharage yake.

Asubuhi moja aliniita akiwa anaoga.

"Mudogo yangu, kuja uguse hapa. We ndiye ulisomaka hivi vitu."

Kwenye ziwa la kushoto vidole vyangu vilikuta uvimbe mgumu kama kokwa la parachichi. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mavuno."

"Na ukanyamaza?"

"Kulikuwa masasi kila siku. Ningemuambia nani, maharage?"

Nilimfokea. Nilifoka kwa sababu nilikuwa nimeshaogopa, na yeye alijua, akaniacha nimalize.

Alikatwa ziwa Alhamisi, katika hospitali iliyo katikati ya mji. Chupa niliichukua mwenyewe mikononi hadi Kinanira, nikaiweka kwenye rafu, nikaandika jina lake. Mpango ulikuwa niitoe nyama kesho yake. Alfajiri ya Ijumaa makombora yakaanza kuanguka kwenye mitaa ya kusini, na wenye mitaa yao wakateremka na watoto na masufuria kuja upande wetu. Barabara ya kwenda kazini ikafungwa.

Ilifungwa siku saba. Kila siku nilimpelekea dada uji hospitalini, nikakaa kando ya kitanda chake tukisikiliza mizinga. Yeye aliwaombea watu wa kusini. Mimi niliiwaza chupa. Nilijua nyama ikikaa mno ndani ya formalini, vipokezi vinafungika na kipimo hakivioni tena, hata kama vipo. Sikumwambia, angeona namsumbua na mambo ya chupa watu wakifa.

Siku ya nane njia ikafunguka. Nilikuta vioo vyote vya maabara vimevunjika, na chupa ya dada imesimama palepale, haina hata ufa. Nilifanya kazi haraka maana mtawa mmoja alikuwa anasafiri kesho yake, na alikubali kubeba vibonge vyetu vya nta ndani ya mkoba wake. Fomu ilikuwa na swali moja fupi: sampuli imekaa saa ngapi ndani ya formalini?

Nikiandika siku nane, nilifikiri, watakataa kuipima. Na msafiri mwingine atapatikana lini, katika mji ambao ndege zinakuja zikipenda? Nikaandika saa ishirini na nne. Nilifanya haraka kuliko nilivyozoea kutaja kilima changu kizuizini. Mkono ulishazoea.

Majibu yalichukua wiki saba. Hakuna vipokezi. Daktari aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja.

"Vidonge ni kidogo, na hivi haviwezi kumusaidia," alisema. "Tusimutese bure. Unaelewa, Mama?"

Hapo ndipo ningesema. Chumba kilikuwa na sisi wawili tu, na yeye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Lakini niliona aibu, mimi niliyekuwa nawagombeza wenzangu kwa chupa isiyo na tarehe. Tena nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba huenda kweli havipo, kwamba uongo wangu haukubadilisha kitu. Nikajibu, "Ndiyo, Dokta."

Nilipomweleza dada kuwa vidonge havitamfaa, alikuwa anachambua mchele.

"Basi apana kitu," alisema. "Na mi sipendaka vidonge."

Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Dada yangu yake aliyaonyesha, alivua nguo akanipa nishike. Aliyeficha ni mimi.

Vita vilipoanza kulegea alirudi Carama na jembe lake. Alivuna maharage msimu mmoja, akaniletea gunia. Msimu uliofuata alikuja na kikohozi na kivimbe juu ya mfupa wa bega. Daktari alikata kipande kidogo, na mimi safari hii nilikaa na chupa kama anayelinda maziwa jikoni. Nyama niliitoa kwa wakati wake. Kwenye fomu niliandika saa na dakika, zote za kweli.

Hakuyasubiri majibu. Alifia nyumbani kwangu mchana, kwenye godoro lilelile alilokuja nalo, baada ya wiki tatu za maumivu ambayo dawa tuliyokuwa nayo haikuyagusa. Mwishoni aliniita mama. Sijawahi kuumia hivyo, wala wakati wa vita, na sitaki mtu aniambie ilikuwa mapenzi ya Mungu.

Barua ilifika siku kumi baada ya kumzika. Vipokezi vimejaa karibu kila seli. Daktari alitoa karatasi ya kwanza kwenye faili, akaziweka mbili hizo pamoja juu ya meza.

"Saratani ni ya mutu mumoja," alisema. "Hii sielewe. Ile ya kwanza ilikaa kweli masaa makumi mbili na ine?"

"Apana, Dokta. Siku nane."

Alivua miwani. Nilingoja anifukuze, na nilitamani anifukuze.

"Ungeandika siku nane, wangesema hawawezi kusoma," alisema polepole. "Na wakisema hawawezi kusoma, mi natoaka vidonge. Natoaka siku zote, Mama, ju ya kubahatisha, labda vitasaidia."

Kabati la vidonge lilikuwa nyuma yake. Lilikuwa hapohapo siku ile niliyojibu ndiyo, hatua mbili kutoka niliposimama.