Sauti ya Bibi Yake Ebi

Kila alasiri sauti ya bibi yake Ebi ilishuka ngazi za ghorofa letu pale Wembley, pamoja na harufu ya ndizi za kukaanga, ikimwita mjukuu aje kula. Bibi alitoka Nigeria kuja kumlea Ebi, na hakujua lugha ila Kiepie. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa Kizanzibari mwenye ulimi mwepesi na roho mbaya. Kiangazi kile, mama akiwa kazini kutunza wazee wa watu, nilishinda kwao. Bibi alinifundisha lugha yake kwa mikono: alikichukua kidole changu akakiweka kooni kwake, nisikie “gb” inavyopasuka midomoni na kooni kwa pamoja, kisha mkono wake ukapanda na kushuka kufuata sauti, kwani kwao neno likitamkwa kwa sauti ya juu si lile la sauti ya chini. Nilipoweza, alifurahi hata akaniongezea samaki.

Asante ya punda ni mateke. Shule zilipofunguliwa, nilisimama kituo cha basi nikamwita Ebi kwa sauti ileile, mgongo nimeupinda. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Nikaona utamu, nikarudia kila siku. Ebi hakulia. Aliacha tu kumjibu bibi yake kwa Kiepie. Akiitwa, alijibu kwa Kiingereza ambacho bibi hakukielewa. Bibi aliniuliza mimi, kwa maneno machache niliyoyajua, mtoto ana nini. Nilimwambia sijui. Mama alipopata habari alisema, “Umemkata ulimi mtu aliyekulisha, mwanangu.” Nilinuna, kujuta sikujuta. Kabla ya Krismasi bibi alirudishwa kwao, maana wazazi wa Ebi walishinda kazini, na hapa hakuwa na wa kuzungumza naye, akafia huko.

Siku hizi Ebi ni muuguzi, ana watoto wawili, anaishi Kenton. Juzi alinikaribisha chai, akaniomba nimwite kama bibi alivyomwita, watoto wasikie.

“Mimi nimejaribu,” alisema. “Sauti zake haziji.”

Mimi sauti zile zimenikaa kama deni la haramu. Nilimwita, kila sauti mahali pake, bila mzaha, aibu ikinichoma. Watoto wakaangua kicheko, mkubwa akaanza kuniiga. Niliwaomba wanyamaze.

“Waache,” Ebi akaniambia. “Hata mimi nikimkumbuka bibi, humsikia na vicheko vile vya kituoni.”