Mchwa Nyuma ya Ngome ya Japani

Uji wa muhogo ukiungua, mimi hutoka nje. Nyumbani wanadhani nina maringo. Ninyi nitawaambia, ila nivumilieni, kuandika kwangu ni polepole.

Babu yangu alikuwa na nyumba ya nyasi kule Abuku. Paa lake lilishuka ngazi kwa ngazi, kama walivyoezeka wa zamani, na yeye tu ndiye aliyebaki anajua kuzifunga ngazi zile. Macho yake yalikuwa yameisha. Baba alitaka kujenga ya mabati pale pale.

"Mvua hii ikipita nyumba iko wima, naacha," baba alimwambia. "Ikiharibika, naangusha."

Basi kila asubuhi babu aliniita. "We mutoto, kuja shika kamba! Mimi iko na mikono mbili tu, hii kazi inataka nne."

Sikwenda. Nilikuwa na kalenda. Mjomba, anayeuza spea za magari ya Kijapani mjini Arua, alinipa ya mwaka uliopita: ngome nyeupe juu ya mawe, mahekalu mekundu, na nyumba ya ibada ya mbao katikati ya msitu, paa lake la nyasi nene. Mwalimu alinisomea Kiingereza chake. Alisema nyumba zile ni za kale sana na hakuna anayeruhusiwa kuziangusha. Akaanza kueleza habari za mafundi, lakini mimi nilikuwa nimeshakimbia.

Nilikoroga uji mzito wa muhogo, nikabandika picha zote ukutani kwa babu, kutoka sakafuni hadi kwenye mapau. Niliamini baba akiiona nyumba yetu katikati ya zile, atashindwa kuigusa. Babu alizipapasa, akacheka. "Hawa Wajapani wameingia bila hodi."

Mvua ikaja. Paa halikuvuja hata tone. Nikaanza kulala vizuri.

Kisha ngome nyeupe ikavimba. Baba akaivuta, na nyuma yake ukuta mzima ulikuwa unatembea. Mchwa walikula muhogo, wakala karatasi, wakapanda kwa siri nyuma ya picha zangu. Baba alibonyeza nguzo. Kidole kikazama.

"Nani amebandika hii?"

Niliinama, nikawatazama mchwa.

"Mimi," babu akasema. "Nilitaka kuangalia picha."

"Mzee, wewe hata huoni!"

"Ndiyo maana nilibandika mingi."

Nyumba iliangushwa siku hiyo hiyo. Babu hakuzoea kelele za mvua kwenye mabati, na mvua zilizofuata hazikumkuta.

Karatasi moja niliificha. Nilipojua kusoma kidogo, nilikaa nayo siku nyingi, neno moja moja. Iliandikwa kwamba ile nyumba ya msituni hujengwa upya kila baada ya miaka kadhaa, wazee wakifanya kazi pamoja na vijana, ili mikono isisahau.

Nimejaribu kufunga ngazi ya kwanza ya nyasi, peke yangu, nyuma ya jiko. Nikivuta kamba upande huu, upande wa pili unafunguka.