Shahidi Asiyetazamana na Mkwewe

Kati ya siku zangu zote za mahakamani, mwanangu, iko moja iliyokataa kusahaulika. Naikumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyopata kuwa wakili kweli. Usidhani nasema siku ya kuapishwa. Siku ya kuapishwa nilipiga picha tu, nikala pilau.

Ninyi vijana mnaotoka kusomea sheria mnapenda kupita hapa ofisini kwangu Tunduma, mnakaa kwenye kiti kile cha wateja na kuniuliza, "Shangazi, nianzie wapi?" Wengine mnakuja mmeambiwa mrudie masomo mawili matatu, na nyuso zenu utafikiri mmetoka mazishini. Nawapa chai kwanza. Mimi mwenyewe nilirudia mtihani wa sheria ya mikataba, na baba yangu, mkulima wa kahawa wa Hasamba, aliposikia aliuliza swali moja tu: "Huo mtihani una mwisho wa kurudiwa?" Nikamwambia bado nina nafasi. Akasema, "Basi unalilia nini?" Akaendelea kupalilia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Rudia mtihani, acha kurudia kulia. Ila leo nataka kukueleza jambo ambalo hakuna mtihani utakaokuuliza.

Enzi hizo Songwe haijawa mkoa, bado tuko chini ya Mbeya. Nilirudi kutoka Dar es Salaam nikiwa wakili mpya kabisa, na suti nyeusi, na viatu vya kisigino vilivyozama kwenye tope la Mbozi, na maringo ya kutosha kuwagawia wilaya nzima. Mamantilie wa stendi alinisalimia kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, nikamjibu kwa Kiswahili cha redioni. Unacheka? Cheka. Hata mimi nacheka.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Mbaruku. Alikuwa wakili mkongwe, Mwislamu wa Tanga, aliyefika Tunduma, mpakani na Zambia, kuwatetea wafanyabiashara na wenye malori, akakaa mpaka ndevu zikawa nyeupe. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, na mchana kutwa tulisikia watu wakipatana bei kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza vyote kwa pamoja. Mzee hakuwa na haraka. Mteja akianza habari zake kwenye ndoa ya babu yake, Mzee alimwachia tu, na mimi nilikaa pembeni nikitikisa mguu.

Kesi ya kwanza aliyonipa niiongoze mwenyewe ilikuwa ya Bibi Lodia, mjane wa huku kwetu Mbozi. Mume wake alipokuwa hai alimkaribisha mkwe wao, Amoni, aliyemwoa binti yao, alime mahindi kwenye sehemu ya shamba. Sasa huku kwetu, mtu uliyemkaribisha shambani analima mahindi, analima maharage, anavuna anashukuru. Kahawa hapandi. Kahawa inakaa ardhini miaka na miaka, na anayeipanda anawatangazia watu kwamba hapa ni pake. Amoni akapanda kahawa. Mume wa Bibi akagomba, wakagombana, na kabla hawajasuluhishwa mume akafariki. Baada ya arobaini, Amoni akasema shamba lile alipewa moja kwa moja na marehemu.

Bibi Lodia alibakiwa na nyumba na migomba michache nyuma ya jiko. Shamba lingine hakuwa nalo. Waliosikia mazungumzo ya mume wake na Amoni walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, amebaki yeye peke yake. Asiposema yeye mbele ya hakimu, shamba limekwenda.

Nilimwandaa vizuri, au ndivyo nilivyoamini. Mipaka ya shamba, mwaka wa ukame ambao Amoni alikaribishwa, maneno aliyoyasema marehemu, kila kitu. Ofisini alijibu bila kubabaika. Mzee Mbaruku alisikiliza mpaka mwisho, kisha Bibi alipotoka akaniuliza, "Binti, mimi ni mtu wa pwani. Kuna jambo lolote la kwenu huku ambalo nisipolijua litatukwaza?"

Nikamjibu, "Hakuna, Mzee. Kesi imenyooka."

Siku ya kusikilizwa, mahakama ilijaa. Bibi Lodia akaapa kwa Biblia, akasimama kizimbani. Nikainuka, nikanyoosha koti langu, nikamuuliza kama anamfahamu mdaiwa. Kimya. Nikauliza tena kwa sauti ya upole. Bibi akavuta kitenge chake kikafunika kichwa na nusu ya uso, akageukia ukutani.

Hakimu, kijana mstaarabu wa kutoka mkoa mwingine, akasema, "Bibi, geuka huku mbele. Mdaiwa yupo humu ndani? Tuoneshe kwa kidole."

Kidole! Bibi akakivuta kitenge kikafunika uso wote. Wakili wa upande wa pili, bwana mmoja mtanashati aliyepanda basi kutoka mjini kwa ajili ya kesi hiyo, akasimama taratibu akitabasamu. "Mheshimiwa, inaonekana shahidi hamfahamu hata mtu anayemshtaki. Tunaomba mahakama izingatie hali hiyo." Watu wakacheka. Mimi nilikauka koo. Nikauliza swali la tatu, la nne, yote yakaangukia sakafuni. Hakimu akatazama saa, akasema twende mapumziko ya chai, na tukirudi shahidi aseme au ashuke.

Tulikwenda kibandani nje ya mahakama. Bibi Lodia alikaa mbali kidogo, hakugusa chai yake. Nilianza kumlalamikia Mzee Mbaruku kwamba mama huyu ametuangusha, kwamba ofisini alisema yote, kwamba labda ameingiwa na woga au amerogwa. Mzee alivunja andazi lake vipande viwili, akatafuna taratibu mpaka nilipoishiwa maneno.

"Yule mdaiwa ni nani kwake?" akauliza.

"Mkwe wake, Mzee. Ameoa binti yake."

"Na kwenu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaishije?"

Mwanangu, nilihisi uso unawaka. Nilijibu polepole, na kila neno lilikuwa zito. "Hawatazamani usoni. Hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite."

Hivyo ndivyo walivyolelewa watu wa umri wa Bibi Lodia. Bibi yangu mzaa mama aliishi hivyo na baba yangu mpaka anazikwa. Nimekulia humo! Na bado nilimpandisha mama mtu mzima kizimbani, nikamtaka amnyooshee mkwewe kidole mbele ya kadamnasi.

Mzee Mbaruku hakupandisha sauti. Hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja, na ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Nilikuuliza, ukanijibu hakuna. Hukunidanganya. Uliona haya tu. Uliona mambo ya kwenu hayafai kuingia mahakamani na suti yako. Sasa sikiliza, binti. Sheria nilikuwa nayo kabla hujaja. Vitabu ninavyo kabati zima. Nilikuchukua kwa sababu unazijua nyumba za watu hawa. Ukiliacha hilo mlangoni, unanisaidia nini? Mkataa kwao ni mtumwa."

Akamalizia andazi lake. "Machozi futa. Chai bado ya moto, na muda tunao. Kwenu watu wa namna hii wakilazimika kusema wanafanyaje?"

Nikafikiri. Nikamkumbuka bibi yangu akizungumza na baba, yeye yuko ndani jikoni, baba yuko nje kibarazani, ukuta katikati, kila mmoja anasema na ukuta. Nikaenda kwa Bibi Lodia, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi na suti yangu. Nikamwomba radhi kwa Kinyiha. Akanishika kichwa. "Nilidhani umesahau, mwanangu," akasema. "Nikajisemea, labda huko mlikosoma wamewakataza."

Tuliporudi ndani, niliomba ruhusa ya kusema kabla shahidi hajaendelea. Nilimweleza hakimu habari ya mkwe na mama mkwe, bila kupamba na bila kuona haya. Nikaomba Bibi apewe kiti, akae ameipa mgongo sehemu aliyokaa mdaiwa, amtazame hakimu peke yake, na badala ya kutaja jina aseme "baba wa wajukuu zangu."

Mwenzangu mtanashati akaruka. "Mheshimiwa, napinga! Hii ni mahakama, haiwezi kuendeshwa kwa desturi za jikoni. Shahidi amejificha kwa sababu hana la kusema."

Hakimu akafanya jambo ambalo nimemheshimu nalo mpaka leo: akamgeukia Amoni mwenyewe. "Mdaiwa, ombi hili linakuumiza kwa namna yoyote?"

Hapo ndipo nilipomtazama Amoni vizuri kwa mara ya kwanza. Tangu asubuhi alikuwa ameinamisha kichwa, ameuelekeza uso dirishani, kofia yake ameikunja mikononi mpaka imekuwa kamba. Mtu aliyetaka shamba la mama yule alishindwa kumtazama mama yule. Akasimama bila kuinua macho.

"Haliniumizi, Mheshimiwa. Yule ni mkwe wangu. Nilimwambia wakili wangu tangu mwanzo kwamba sitaweza kukaa chumba kimoja naye akitukanwa. Hakunisikiliza."

Basi nikajua tulikuwa mawakili wawili siku ile, wote tuna vyeti, na wote tuliacha kusikiliza.

Bibi Lodia akakaa, mgongo kwa mkwewe, na akasema. Mwanangu, alisema! Alieleza mwaka wa ukame, watoto wa binti yake walivyokuwa wanalala na njaa, na mume wake alivyomwambia baba wa wajukuu wake alime mahindi watoto wapate kula. Akaeleza asubuhi walipoiona miche ya kahawa na mume wake alivyokaa chini kwa uchungu. Alisema bila tusi hata moja. Alipofika mwisho akasema, "Sina chuki naye. Ametunza binti yangu. Ila hilo shamba ndilo ninalokula."

Wakili wa pili alipoinuka kuuliza maswali, Amoni alimvuta koti. Wakanong'ona, wakanong'ona tena kwa hasira, mwishowe mwenzangu akaomba kesi isimame wazungumze nje. Hawakurudi kubishana. Amoni alikubali mbele ya hakimu kwamba alikaribishwa, hakupewa, na akaliachia shamba pamoja na kahawa yake. Baada ya hapo alimtuma mshenga kwa Bibi Lodia na kuku na maneno ya kuomba radhi, kama ilivyo adabu. Bibi akampokea mshenga, akamrudisha na jibu kwamba mavuno ya msimu ule Amoni achume, maana jasho ni la mtu. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyofaulu.

Sasa, mwanangu, nisikie. Soma kwa bidii, maana mteja hali huruma yako, anakula kazi yako. Usione haya kuuliza wenzako waliokutangulia; kuuliza si ujinga. Ukimaliza, tafuta mkongwe wa kukaa naye hata kama ofisi yake ni chumba nyuma ya duka, na akikukaripia usinune, mshukuru, kwa sababu wasiokujali hawatajisumbua. Ukipangiwa Chitete kwenye barabara mbovu, au ukipata wateja wa Ndalambo wanaokuja na habari ndefu, waache wamalize. Neno unalolihitaji mara nyingi limekaa mwishoni, baada ya ndoa ya babu. Na yale uliyonyonya kwa mama yako usiyavue mlangoni mwa mahakama. Siyo kila mila ni nzuri, na zipo nilizozipiga vita humo humo mahakamani kwa nguvu zangu zote. Lakini huwezi kuitetea wala kuipinga mila unayojifanya huijui. Kabla hujamuuliza shahidi anajua nini, jiulize ni kitu gani hawezi kukisema, na kwa nini.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe hakimu msikivu na mpinzani mwenye heshima. Akupe wazee wa kukukemea ungali kijana, na akuache mzima uje uwakemee wengine. Siku utakayosimama mara ya kwanza ukakauka koo, kama nilivyokauka mimi, basi na yule uliyesimama kwa ajili yake apate bado kukuita "mwanangu."