Chini ya Bawa, Kotile

Fosia alipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi karibu na Sangailu, kila ndege ilipopita alilala chali mchangani akaitazama mpaka ikayeyukia mbali. Hakutamani kwenda ilikokwenda. Alitamani kujua mbuzi wake wanaonekanaje kutoka huko juu.

Alipokua akawa daktari wa mifugo. Ofisi yake iko Garissa, upande wa soko la mifugo, na kwa miaka mingi alizunguka vijijini kwa gari, chanjo zake zikiwa ndani ya barafu. Mvua iliponyesha barabara zilikatika, gari likazama topeni, barafu ikaisha na chanjo zikaharibika huku akizitazama. Jioni moja, nguo zikiwa bado na tope, alimwambia kaka yake Awil, mfanyabiashara wa ngamia, "Walaal, ndugu yangu, nakwenda kujifunza urubani."

Awil alicheka mpaka chai ikampalia. Lakini dada yake alisafiri kwenda Nairobi kila alipopata nafasi, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia, mwishowe akarudi na leseni. Hapo Awil akaacha kucheka. Akasema ndege watanunua pamoja.

Walikwenda wote kuichagua. Awil alisimama mbele ya ndege nyeupe, mabawa chini, pua ndefu, viti vya ngozi. Akaizunguka polepole kama anavyomzunguka ngamia mzuri sokoni. Fosia alikuwa ameshaipita, yuko kwenye ndege nyingine kule pembeni. Rangi yake ilikuwa imepauka, magurudumu manene, mabawa yamekaa juu ya paa.

"Hii kongwe?" Awil akauliza.

"Ile yako itatua wapi? Viwanja vyetu ni mchanga, na miiba iko pande zote mbili. Mabawa ya hii yanapita juu ya vichaka. Tena haihitaji kiwanja kirefu."

"Lakini ile inakimbia, Fosia!"

"Mimi sihitaji mbio. Nahitaji kufika, na kurudi."

Hata hivyo hakuinunua siku hiyo. Alimtafuta fundi asiyejuana na muuzaji, mtu mkimya aitwaye Korane, akamwomba aifungue na kuikagua yote. Korane aliona kutu ilipoanzia, pale bawa linaposhikana na mwili. Fosia akasubiri itengenezwe na kukaguliwa upya. Baadaye akaruka na mwalimu wake mara nyingi ndani ya ndege hiyo hiyo, mpaka mikono yake ikaizoea. Awil alinuna, kisha akachoka kununa.

Mtu wa kwanza wa nyumbani kuomba safari alikuwa mama yao, Hooyo Ramlo, ambaye tangu ukame mkubwa uwafukuze porini hakuwahi kurudi Sangailu.

"Nataka kuiona ile nchi mara moja," alisema. "Kutoka juu, kama malaika wanavyoiona."

Waliondoka Garissa asubuhi, kabla jua halijakolea, kwa sababu hewa ya joto haibebi ndege vizuri. Hooyo Ramlo alikuja na gunia la sukari, mtungi wa samli, na mbuzi wa zawadi kamba shingoni.

"Hooyo, mbuzi abaki. Uzito utazidi."

Mbuzi akabaki. Fosia alichota mafuta kidogo kutoka kila tangi kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani aone kama kuna maji.

"Unaipima kama mbuzi mgonjwa?" mama akauliza.

"Hivyo hivyo, hooyo. Nayo haina mdomo wa kusema inaumwa wapi."

Waliufuata mto kwanza. Hooyo Ramlo alifumba macho, akasoma dua mpaka sauti yake ikapotelea kwenye mngurumo. Alipoyafumbua, Tana ilikuwa imejikunja chini yao, rangi ya chai ya maziwa, na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya migomba bila kutikisa jani. Njia za ng'ombe zilitoka kila upande zikakutana majini. Kundi la mbuzi lilionekana kama mchele uliomwagika, na Fosia, ambaye alikuwa ameshaliona hilo mara nyingi, aliliona tena kama ndoto ambayo mtu hataki kuamshwa. Walipopita Kotile waliuacha mto, wakageukia mashariki.

Huko mbele, wingu lilikuwa limeshuka mpaka ardhini. Halikuwa na mlango popote.

"Sangailu iko nyuma ya hilo," Fosia alisema. "Tunarudi."

"Mbele kidogo tu, hooyo," mama akamsihi, akimwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye, kama mama wa Kisomali wanavyofanya. Akamshika mkono wa nguo. "Mimi ni mzee. Nitapaona lini tena?"

Moyo wa Fosia ulimwambia aende. Wingu lilikuwa zuri, la zambarau, na lilionekana laini. Hata hivyo aligeuza ndege.

Kwenye kiwanja cha udongo karibu na Kotile alipita chini mara moja ili mbuzi watawanyike, akatazama moshi wa boma moja aujue upepo, kisha akatua. Aliifunga ndege kwa kamba. Mvua ikawafuata, wakakaa kwenye mkeka chini ya bawa, maji yakimwagika kama pazia mbele yao.

Kisha Hooyo Ramlo alisema, "Kulikuwa na mtoto kabla yenu."

Fosia akamgeukia.

"Homa ilimchukua tukiwa safarini na ngamia. Tulimzika kando ya bwawa la mvua, bwawa lililopinda kama sikio. Kesho yake tukahama. Mifugo ilikuwa na kiu, hakuna aliyeweza kungoja."

Fosia alimfunika mama yake kwa shali yake mwenyewe, wakasikiliza mvua ikigonga bawa.

Mama mmoja wa boma lile, Arbia, aliwalaza kwake, akawapa maziwa na kuwaulizia watu wa Garissa. Asubuhi mbingu ilikuwa imeoshwa. Fosia alikikanyaga kiwanja chote kwa miguu, akangoja udongo ukauke, akaikagua ndege upya, akawapigia simu watu wa Sangailu kuuliza hali ya hewa. Ndipo wakaruka.

Mvua ilikuwa imejaza kila shimo, na nchi nzima iling'aa kama vioo vilivyotupwa vichakani. Mama aliegemea dirisha. Bwawa moja, hapana. Jingine, hapana. Kisha akagusa kioo kwa kidole.

Lilikuwa limepinda. Huenda yako mengine yaliyopinda hivyo. Fosia hakuuliza. Alilizunguka kwa upana, mara moja, bila kushuka chini wala kupunguza mwendo, huku mama ameinua viganja.

"Miti imekua," mama alisema. Kisha, "Aliitwa Jelle."

"Jelle," Fosia akarudia, akaielekeza ndege Sangailu, ambako wanawake walikuwa wameshatoka nje, wakipunga vitambaa vyao vya rangi.